Kivuli cha Njiwa: Shajara ya Bamba Moja

Kabla ya bamba

Njiwa yuko mezani juu ya karatasi nyeupe, amelalia ubavu wa kushoto, bawa la kulia limelegea na kufunguka kidogo. Aligonga kioo cha dirisha akafa papo hapo. Ninachokusudia ni chapa moja ya bamba la shaba, yaani picha inayohamia kwenye karatasi kutoka mistari iliyochimbwa shabani na kujazwa wino, kwa wino mweusi pekee, ndege akiwa na ukubwa wake halisi. Sitaki damu, sitaki jeraha, sitaki fuvu wala mshumaa wa kumkumbusha mtazamaji kwamba naye ni wa kufa. Nataka aone manyoya na kivuli, na kutokana na hivyo viwili ajue kwamba ndege huyu hataamka.

Kazi ya kwanza ni kuchora kwa penseli, na ni kazi ya kushindana na muda. Jicho linatangulia kwa sababu ndilo linalobadilika upesi kuliko kiungo kingine chochote: unyevu unakauka, mboni inapoteza mng'ao, kisha jicho zima linadidimia ndani ya tundu lake. Baada ya jicho ni shingo na miguu, maana mwili ukishakakamaa mkao wake hauwezi kubadilishwa bila kuuumiza. Manyoya yanaweza kusubiri. Unyoya uliokomaa ni keratini tupu, kama kucha. Hauna uhai hata ndege akiwa angani, kwa hiyo kifo peke yake hakiubadilishi. Hilo ndilo linalonisumbua tangu nianze: nitaonyeshaje mauti kwa kuchora kitu ambacho mauti hayakukigusa?

Kwenye kioo alichogonga imebaki alama yake. Kidari, kichwa kilichogeuka, mabawa mawili yaliyotandazwa, hata mistari ya manyoya makubwa ya kurukia, vyote vimeandikwa kwa vumbi jeupe. Njiwa wana manyoya ya aina ya pekee ambayo hubomoka kidogo kidogo muda wote na kuwa unga laini sana. Unga huo hutanda mwili mzima, na ndege akigonga kioo kwa kasi sehemu yake hubaki pale. Nimeitazama alama ile kwa muda mrefu. Ni chapa kamili, iliyopigwa mara moja kwa uzito wa mwili wenyewe. Lakini ni chapa ya ndege anayeruka. Haina ardhi, haina kivuli, mabawa yake bado yanafanya kazi. Aliye mezani ni mwingine, na ndiye ninayemchapa.

Taa moja

Nimezima taa zote nikabakiza moja, iliyo chini, upande wa kushoto.

Ndege aliyesimama hugusana na kivuli chake miguuni tu. Kati ya tumbo na ardhi kuna hewa, mwanga unapita, na ndiyo maana hata akiwa ametulia tuli tunahisi kwamba anaweza kuondoka wakati wowote. Kivuli cha huyu kinaanza palepale mwili unapoishia. Kuanzia begani hadi kwenye mzizi wa mkia, mwili umeilalia karatasi kwa uzito wake wote, na kwenye mpaka huo kuna mstari mwembamba usiofikiwa na mwanga hata kidogo.

Juu kidogo ya mstari huo kuna jambo linalosahaulika kwa urahisi. Karatasi nyeupe inaurudisha mwanga juu, kwa hiyo sehemu ya chini ya kidari, ambayo ungedhani ni nyeusi, ina utepe wa kijivu hafifu. Kisha linakuja giza la mstari wenyewe. Kisha kivuli kinachoanguka mezani, kizito karibu na mwili, kikififia kadiri kinavyosogea mbali. Weusi wa aina tatu katika upana usiozidi kidole. Nimechora sehemu hiyo tena na tena kuliko kichwa, kuliko bawa, na sioni kwamba nimeizidishia umuhimu. Jicho lililofumba laweza kuwa la ndege aliyelala. Mwili ulioachilia uzito wake wote chini, bila msuli hata mmoja unaoubeba, hauwezi kusomeka vingine.

Bamba

Shaba, unene wa milimita 1, si zinki. Zinki huliwa haraka na asidi, na mistari yake hutoka na kingo zenye ukwaru, jambo linalofaa sana kwa gome la mti au jiwe. Shaba huliwa polepole na kwa usafi, na manyoya ya shingoni yanadai hivyo. Kingo zimepigwa tupa kwa mshazari ili zisikate karatasi wala blanketi za sufu za mashine ya kuchapia chini ya shinikizo.

Chapa hutoka kinyume na bamba. Mwaka 1650 Rembrandt, msanii wa Uholanzi, alichonga kombe la baharini, Conus marmoreus, kwenye bamba jinsi alivyoliona bila kuligeuza. Kwenye karatasi mzunguko wa kombe ukatoka upande usio wake, ingawa sahihi yake aliiandika kinyume na inasomeka sawasawa. Sioni kwamba jambo hilo linaipunguzia chapa ile chochote, na nitairudia hapa chini, maana kuna kitu kingine ndani yake ninachokihitaji. Kwa njiwa wangu, hata hivyo, upande una maana. Bawa lililofunguka ni la kulia, hivyo ndivyo alivyoanguka, na nataka libaki la kulia. Nimegeuza mchoro kwa karatasi ya kunakilia kabla ya kuuhamishia kwenye nta inayolifunika bamba.

Hali ya kwanza: mistari tu

Hali, kwa wachapaji, ni hatua moja ya bamba kabla halijabadilishwa tena. Nta imepakwa, mchanganyiko wa nta ya nyuki, lami na utomvu uliokaushwa, na kila mahali sindano inapopita shaba inaonekana inang'aa. Kwenye shingo natumia sindano nyembamba kabisa na mistari mifupi inayolaliana, kwa sababu pale huwezi kuona unyoya mmoja mmoja. Unachoona ni mwelekeo tu, jinsi manyoya yanavyogeuka shingo inapopinda. Wenceslaus Hollar, mchapaji wa karne ya kumi na saba, alichora fuko aliyekufa mwaka 1646 kwa njia ya namna hii, mistari mifupi ya sindano, bila msaada wa rangi ya kijivu iliyotandazwa, na manyoya ya fuko yule yanakufanya utake kuyapapasa. Huyu ndiye mwalimu wangu katika hali hii. Ukitaka kujua mstari unaweza kubeba ulaini kiasi gani, mtazame Hollar, fuko na hata yale manyoya ya kuvalia mikononi aliyoyachora miaka hiyohiyo.

Kwenye bawa mambo ni mengine. Hapa kila unyoya una mwili wake, na hapa ndipo nimepata jibu la swali langu la awali.

Unyoya wa kurukia una uti katikati na nyuzi pande mbili. Kila uzi una vijiuzi, na vijiuzi vya upande mmoja vina vikulabu vidogo vinavyoshika vijiuzi vya uzi jirani. Ndivyo unyoya unavyokuwa kipande kimoja kisichopitisha hewa kwa urahisi. Vikulabu hivyo huachia mara kwa mara: ndege akipita kwenye matawi, akipambana na mwenzake, akikunja bawa vibaya. Unabaki ufa wenye umbo la V. Ndege hai hugeuza shingo, akaupitisha unyoya mdomoni, na ufa ukajifunga. Ndege hufanya kazi hiyo kila siku ya maisha yake, na hatuioni kwa sababu matokeo yake ni manyoya yasiyo na dosari, ambayo tunayachukulia kuwa ndiyo kawaida.

Bawa la njiwa huyu lina nyufa. Ziko kwenye manyoya matatu ya nje, yaliyopigwa na kioo, na nyingine ndogo zimetokea pale mezani bawa lilipojiachia. Hakuna mdomo utakaozifunga. Kwa hiyo kifo kimeyagusa manyoya, ila kwa njia isiyo ya moja kwa moja: kimemwondoa aliyekuwa akiyatunza. Nimezichora nyufa zote jinsi zilivyo, moja moja, kwa kioo cha kukuzia, kila uzi uliojitenga ukipewa mstari wake. Mchoraji anayejifunza huambiwa asizichore nyufa za namna hii ili unyoya uonekane mzuri. Katika chapa hii, ufa ndio unyoya.

Bamba limeingia kwenye kloridi ya feri, kimiminika kinachokula shaba pale sindano ilipoondoa nta. Nimeiteua badala ya asidi ya nitriki, ambayo hutoa moshi wenye sumu na hutengeneza mapovu juu ya mistari. Wachapaji wa asidi ya nitriki wana desturi ya zamani ya kuyapangusa mapovu hayo kwa unyoya wa ndege, kwa kuwa ni laini na hauchubui nta. Kloridi ya feri haina mapovu. Shida yake ni masimbi yanayotulia ndani ya mistari na kuzuia isiliwe zaidi, kwa hiyo bamba hulazwa kifudifudi, limeinuliwa kidogo, ili masimbi yadondoke yenyewe.

Chapa ya kwanza imetoka. Ndege yupo, ana shingo, ana bawa, ana nyufa. Yuko hewani, hakuna kitu chini yake.

Kuhusu utupu

Kwanza nieleze kwa nini siachi hapo, kwa sababu wapo walioacha na kazi zao ni kubwa. Kiki Smith, msanii wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1954, katika miaka ya 1990 alitengeneza chapa nyingi za ndege na wanyama waliokufa, wakiwemo waliohifadhiwa katika makumbusho ya viumbe. Wengi wao wako juu ya karatasi tupu. Hakuna meza, hakuna udongo, kila unywele umechorwa kwa uangalifu, na pembeni ni weupe tu. Utupu ule una nguvu. Mnyama ameondolewa duniani na kuwekwa mbele yako akiwa peke yake, kama vielelezo vya makumbusho vilivyopangwa kwenye droo: ndege kalala chali, mabawa yamebanwa, pamba imejazwa matunduni mwa macho, lebo imefungwa mguuni.

Lakini kielelezo cha makumbusho hakina uzito tena. Nyama imetolewa, imebaki ngozi na manyoya juu ya pamba. Njiwa wangu ana uzito, na sitaki kumnyang'anya. Ndiyo maana nahitaji ardhi chini yake, na ardhi katika chapa huletwa na kivuli.

Sasa narudi kwa kombe la Rembrandt. Katika hali ya kwanza ya bamba lile, nyuma ya kombe ni karatasi tupu. Katika hali ya pili amejaza giza. Kombe ni lilelile, ila sasa limekaa mahali, na ukilitazama unahisi kwamba ukilinyanyua utasikia baridi yake. Mwenye kombe, yule konokono, alikwisha kufa zamani. Kilichobaki ni nyumba yake ngumu, na giza ndilo linaloifanya nyumba iwe tupu. Sijui somo bora zaidi kuhusu kivuli katika uchapaji wote kuliko hizo hali mbili zikiwekwa pamoja.

Hali ya pili: vumbi na giza

Akwatinti. Utomvu uliosagwa kuwa vumbi hupeperushwa ndani ya sanduku, bamba huingizwa punje kubwa zikishatangulia kutua, na vumbi jepesi hulitandika polepole. Kisha bamba hupashwa moto kwa chini hadi punje ziyeyuke kidogo na kushika. Asidi haili punje. Inakula nafasi zilizo katikati yake, na vishimo hivyo vidogo sana ndivyo vinavyobeba wino na kuonekana kama kijivu cha wino wa maji. Barakoa ni lazima, na mwali wowote uwe mbali wakati vumbi liko hewani, maana hudhuru mapafu na laweza kulipuka.

Kijivu hupatikana kwa hatua. Sehemu inayotakiwa kubaki nyeupe hufunikwa kwa vanishi tangu mwanzo. Bamba huingia kwa sekunde chache, linatolewa, linaoshwa, kijivu hafifu kinafunikwa, linarudi, na kuendelea hivyo hadi weusi wa mwisho uliokaa dakika nyingi. Unafanya kazi kinyume: kile unachokifunika mapema ndicho kitakachokuwa na mwanga.

Uamuzi mgumu ulikuwa wapi kivuli kiishie. Nimetumia saa nyingi kwenye manyoya ya chini ya kidari, ni mistari mizuri, na wachapaji wengi hukitunza kila kitu walichokichonga hata ndani ya giza, ili jicho likizama kivulini lizawadiwe. Nami sikubaliani na hilo katika chapa ya namna hii. Giza ambalo ndani yake unaweza kuhesabu manyoya si giza, ni pazia jepesi. Nimeacha akwatinti iyale manyoya ya chini moja kwa moja, mstari kwa mstari, hadi theluthi ya chini ya mwili haina unyoya unaoonekana. Utepe ule wa mwanga uliorudishwa na karatasi nimeulinda kwa vanishi, lakini bila mistari ndani yake: ni kijivu kitupu, laini.

Matokeo yake ni kwamba mwili una nusu mbili. Juu, penye taa, kila kitu kinaweza kupapaswa kwa macho: uti, nyuzi, nyufa, magamba ya mguu, ngozi nyororo juu ya mdomo. Ukishuka, unapoteza kimoja baada ya kingine. Unaona jinsi mkono unavyoishiwa na cha kushika. Nadhani hapa ndipo manyoya na kivuli vinapoacha kuwa mambo mawili.

Jicho

Dogo, lakini limenichukua muda. Katika chapa, nukta nyeupe ya mng'ao wa jicho ni mahali ambapo shaba haikuguswa kabisa. Uhai wa jicho, kwa maana hiyo, unapatikana bure. Ukiacha tu nukta ile, ndege anakutazama. Ili kuuondoa inabidi ufanye kazi. Nimeingiza akwatinti hafifu sana juu ya jicho lote, kisha nikailainisha kwa chuma cha kulainishia hadi kijivu kikawa sawasawa, bila nukta, kikavu. Ukope uko nusu. Kati ya ukope na jicho kuna pengo jembamba, kwa kuwa jicho limeshuka na ukope umebaki pale ulipokuwa. Mstari mmoja wa sindano, mfupi kuliko chembe ya mchele, ndio unaosema hivyo.

Hali ya tatu: sindano kavu

Akwatinti, hata ikiliwa sana, haitoshi kwa mstari ule wa chini ya mwili. Weusi wake ni tambarare. Nahitaji weusi wenye kina, na huo unatoka kwa sindano kavu: kuchana shaba moja kwa moja, bila nta wala asidi. Sindano haiondoi shaba, inaisukuma pembeni, na kando ya kila mchano huinuka ukingo wenye makali. Ukingo huo hushika wino mwingi, na kwenye karatasi hutoka mweusi mnene kama mahameli. Nimechana kuanzia begani hadi mkiani, mchano juu ya mchano, nikikaza zaidi pale kidari kilipobeba uzito mkubwa na kulegeza mkono chini ya shingo, ambayo imeegemea tu.

Gharama yake inajulikana. Ukingo ulioinuka ni dhaifu. Kila bamba likipita kwenye mashine, shinikizo linaulaza kidogo, na baada ya chapa chache weusi unaanza kupauka. Kuna njia ya kuzuia: bamba hufunikwa kwa utando mwembamba wa chuma kwa umeme, na likawa na uwezo wa kutoa chapa nyingi zaidi. Nimeikataa. Nataka mstari wa bamba lenyewe, na kama mstari huo una maisha mafupi, toleo litakuwa fupi.

Wino, karatasi, na wanyama wengine

Nimejaribu weusi wa aina mbili. Masizi hutoa weusi wenye ubaridi, unaoelekea buluu. Weusi wa mifupa, unaotengenezwa kwa kuchoma mifupa ya wanyama bila hewa ya kutosha, una joto, unaelekea kahawia kwenye sehemu nyembamba. Nimechagua wa mifupa, hasa kwa ajili ya utepe ule wa kijivu chini ya kidari, ambao kwa masizi ulionekana kama bati.

Tangu nichague nimekuwa nikifikiria ni wanyama wangapi wamo katika chapa ya mnyama mmoja. Wino ni mifupa. Nta ni ya nyuki. Karatasi imetiwa jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa, ili isinywe maji kupita kiasi. Blanketi za mashine ni sufu. Sikulipanga, na sidhani mtazamaji anahitaji kuambiwa, lakini kwangu limebadilisha namna ninavyoishika kazi. Nafanya polepole zaidi, na kipande cha karatasi kilichoharibika sikitupi hovyo.

Kupangusa wino ni nusu ya kazi. Kwanza shashi iliyotiwa wanga, kwa duara, hadi wino wa juu utoke na wa ndani ya mistari ubaki. Kisha kiganja chenye chaki kidogo, juu ya kidari na mgongo tu, ambako nataka weupe safi. Pembeni naacha utando mwembamba wa wino ili meza isiwe tupu kabisa. Kwenye mstari wa sindano kavu sigusi kwa kiganja. Shashi inapita juu yake mara moja, kwa wepesi, ikifuata mchano. Karatasi imelowekwa na kukamuliwa hadi iwe na unyevu bila maji juu, maana ndio unaoifanya ilainike na kuingia vishimoni.

Ilipofikia

Chapa ya kielelezo imekubaliwa. Bawa liko wazi kuliko nilivyotarajia, nyufa zinasomeka hata kwa umbali wa hatua mbili, na kidari kimezama vizuri. Kona ya chini kulia bado nzito kidogo, nitailainisha kabla ya kuendelea. Toleo litakuwa la chapa 10. Kielelezo kimebandikwa ukutani juu ya mashine na kila karatasi itakayotoka italinganishwa nacho, kuanzia kwenye mstari wa chini ya mwili kabla ya kutazama kitu kingine. Ile ambayo weusi wa mstari huo umeanza kukatika haitatiwa sahihi, hata kama sehemu nyingine zote zimetoka sawasawa, na hapo bamba litakuwa limefika mwisho wake, iwe ni kwenye chapa ya kumi au kabla.